Dakika Mbili

Bwana mwenyekiti, umesema dakika mbili.
Naomba usianze kuhesabu mpaka nivae miwani,
maana mchoro wenu ni mdogo
na uwanja niliokulia ulikuwa mkubwa.

Mimi ni Syombua wa Ndolo.
Hamtanikuta kwenye ubao wa manahodha pale barazani,
ule wa mvule, wenye majina ya dhahabu:
kwanza watu wa reli, kisha watu wa maduka,
na baada ya bendera kubadilishwa
majina mawili matatu ya kwetu,
kabla rangi haijaisha mkebeni.

Baba alikuwa mtu wa mkeka.
Enzi hizo kriketi haikuchezwa juu ya nyasi hapa.
Udongo huu mweusi ukinyeshewa hung'ang'ania kiatu,
ukipigwa na jua hupasuka mpaka panya anapita.
Basi palitandikwa mkeka wa makumbi, yadi ishirini na mbili,
ukapigiliwa misumari mirefu kama kidole cha kati.
Baba aliupima kwa kuuchapa kofi,
kama unavyomchapa mgongoni mtoto aliyepaliwa.
Jumamosi anautandika. Jumapili jioni anaukunja.
Miaka kumi na tisa,
na hakuwahi kusimama juu yake ameshika gongo.

Mimi nilitundika nambari.
Nyuma ya ubao wa alama kulikuwa na ngazi, giza,
na vipande vya bati vilivyochorwa sifuri hadi tisa.
Mtundika nambari haioni nambari.
Anaona mgongo wake, na kutu.
Mchezo niliutazama kupitia tundu la mamia,
kwa sababu mia haikufika kila wiki.
Ikifika, nilijizibia dirisha kwa mkono wangu mwenyewe,
nikabaki gizani nasikiliza makofi.

Mzee Vaghela, mwandishi wa alama, alinipigia kengele:
mlio mmoja, mbio moja.
Kujumlisha nilikujua kabla sijajua a, e, i.

Halafu mkeka ukaoza. Baba akaoza mapafu.
Hapa pakaja mahubiri, pakaja sarakasi,
pakaja minada ya magari,
na mtu mmoja, simtaji kwa kuwa yumo humu ndani,
akapanda sukuma wiki palipokuwa na wavu wa mazoezi.
Ilistawi, lazima niseme.

Sasa Kaunti inaleta viti elfu sita na nguzo sita za taa,
na maegesho chini ya ardhi.

Chini ya ardhi, mhandisi?
Chelagat, nimesoma kofia yako.
Mchoro wako hauna mfereji.
Kuna mfereji wa mawe, umefukiwa,
unaanzia pale palipokuwa na mkuyu
unakwenda kumwaga Mto Ngong.
Baba aliuchimba, akanionyesha kwa kuutembea,
mguu mbele ya mguu.
Mkiyapeleka magari huko bila kuuzibua,
Aprili mtaegesha vyura.

Hiyo ni kengele yangu?
Kwa Mzee Vaghela kengele ilimaanisha ongeza moja. Naongeza moja.

Sipingi. Wewe mwenye kalamu, andika: hapingi.
Mjukuu wangu Mutanu hucheza nyuma ya choo cha shule,
wiketi yake ni chaki ukutani,
na mpira wake unakuja wima, unakuja wima,
kisha unakata kona
kama mtu aliyekumbuka amesahau jiko linawaka.
Mwekeeni taa. Aonekane.

Najua ubao mpya utakuwa wa umeme,
nambari zitajibadilisha zenyewe.
Nyuma yake acheni tundu moja tu,
kimo cha mtoto wa miaka tisa.
Halihitaji zabuni.

Na mkivunja ule wa zamani, mkihesabu mabati,
mtakuta saba moja haipo.
Msimshuku fundi wa watu.
Imeziba banda langu la kuku
tangu mwaka ule wa mvua kubwa.
Naweza kuirudisha,
lakini nipeni mpaka vifaranga wakue.